Mbuzi Kooni mwa Leonidas

Leonidas alikuwa na sauti isiyomwomba mtu ruhusa. Akiimba kwenye kupura mtama huku Mtinko, wauza kuku wa gulio la Ilongero walianza kufunga matenga yao wakidhani mvua inakuja. Watu wa Ilongero wanaikataa habari hii, lakini watu wa Ilongero hukataa kila kitu ambacho hakikuanzia kwao. Kuna pia habari ya fisi. Fisi huyo alikuja kuvizia ndama, akamsikia Leonidas anarudi kisimani akiimba, akakaa kitako kusikiliza. Asubuhi wanawake walimkuta bado ameketi, masikio wima, ikabidi wamfukuze kwa mifagio. Aliondoka akigeuka nyuma kila mara, kama mtu aliyetolewa harusini kabla nyama haijaiva.

Kitu kimoja tu Leonidas hakuwa nacho, nacho ni habari zake mwenyewe. Alikuwa na mke, Luciana. Alikuwa na binti, Yunisi, aliyeolewa huko Mkalama. Alikuwa na ng'ombe wa kutosha na maksai mmoja mweusi, mkubwa, jina lake Diwani, kwa sababu alitembea taratibu na hakuna aliyejua anawaza nini. Hao wote aliwajua vizuri. Ila Leonidas mwenyewe, huyo hakuwahi kukutana naye. Aliishi ndani ya Leonidas kama mtu anayeishi katika nyumba ambayo hajawahi kuizunguka kwa nje. Na alikuwa na raha sana humo ndani.

Mwaka wa sabini na nne likaja lori la kuwahamishia watu kwenye kijiji cha ujamaa. Wakati huo kila mtu alikaa na kilima chake, na cha Leonidas kiliitwa Mawe Matatu. Tembe ikabomolewa, miti ya kujengea ikapakiwa, kuku wakafungwa miguu. Luciana akabaki amesimama kando ya jiwe lake la kusagia. Jiwe hilo alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na mama yake, na mikono yao wote ilikuwa imelichimba katikati hata likawa na bonde linalometa.

"Mama, panda," mgambo akamwambia.

"Na jiwe langu?"

"Mama, hili lori ni la watu na miti. Milima tunaiacha."

Ndipo Leonidas, akiwa ameshapanda juu kabisa, akapaza sauti: "Mama Yunisi, panda bwana! Kesho kutwa narudi, nalibeba jiwe lako kwa bega moja!"

Watu wakapiga makofi. Leonidas akaanzisha hapo hapo wimbo wa jiwe atakalolibeba, jinsi atakavyoshuka nalo mlimani akiwasalimia watu kwa mkono uliobaki, jinsi wazee watakavyomwamkia yeye badala ya yeye kuwaamkia. Ulikuwa wimbo mzuri. Lori lilipofika kijijini, wimbo ukaisha, naye Leonidas akashuka akijipapasa bega kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kubeba.

Kesho kutwa ikapita, na kesho kutwa nyingine nyingi zikapita nyuma yake. Luciana alikuwa ameondoka na kile kijiwe kidogo cha juu tu, kile cha kushika mkononi, amekifunga kwenye kanga. Kikakaa jikoni kwake kando ya mafiga, mtoto asiye na mama. Kusaga akawa anakwenda kwa jirani, Febronia. Febronia hakuwa mtu mbaya, ila jiwe lake lilisaga na mdomo wake ukasaga pamoja nalo.

"Saga tu, mama Yunisi, saga. Ila unifutie jiwe vizuri, unga wenu una mchanga."

"Haya, dada."

"Si kwa ubaya nasema."

"Haya."

Sasa ni lazima kueleza jinsi kupura kulivyokuwa, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayana kichwa. Masuke yalimwagwa kwenye uwanja uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe ukakauka ukawa mgumu. Watu walisimama mistari miwili, nyuso kwa nyuso, kila mmoja na gongo lake refu. Mstari huu ukipiga, ule umeinua. Ule ukipiga, huu umeinua. Kinachozuia magongo yasikutane na vichwa ni wimbo tu, na wimbo una mwimbishaji. Wanawake walikaa pembeni na nyungo zao wakingoja upepo wa kupeta, wakiitikia.

Na ubeti ukiisha, mwimbishaji alitakiwa ameze pumzi na kunyamaza, magongo yaendelee yenyewe kwa muda. Pale paliitwa mlangoni. Mwenye neno alilitia hapo kwa kuimba, awe mkubwa au mdogo. Mke alimwambia mume, kijana alimwambia mzee, na hakuna aliyeruhusiwa kununa. Neno la mlangoni halikubebwa kupelekwa nyumbani; na kwa kipimo hicho hicho, neno lililokusudiwa mlangoni halikusemwa jikoni. Watu walilitunza mwaka mzima kama mbegu.

Tatizo ni kwamba Leonidas hakuwa anaufungua mlango. Hakukusudia ubaya. Mapafu yake hayakuchoka tu, na ubeti mmoja ukiisha tayari mwingine ulikuwa umeshika kofia unataka kutoka. Kazi ilikwenda mbio, watu walicheka, mtama ulipurwa. Nani angelalamika?

Mwaka uliofuata, siku ya kupura uwele, akaja Ignas. Alikuwa bwana utamaduni kutoka mjini, kijana mwenye nywele kubwa na suruali pana miguuni kiasi kwamba kuku wawili walipita ndani yake, mmoja kila mguu, bila kumgusa. Alibeba kinasa sauti begani. Alitaka nyimbo za kazi za vijijini. Akakiweka kile chombo juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza, Leonidas akaimba mpaka matawi ya mnyaa yakatetemeka.

Walipomaliza, mwenyekiti wa kijiji, Paskali, akasema, "Ndugu Ignas, haki ni kutusikilizisha."

Mkanda ukarudishwa. Ukaanza. Magongo yakasikika, du, du, du, watu wakashangilia wakisikia magongo yao yakipiga huku wameyashika mikononi yametulia. Halafu ikatoka sauti nyembamba, kavu, yenye kutetema mwishoni mwa kila neno.

Leonidas akacheka kuliko wote. "Nani kaleta mbuzi hapa?"

Watu wakainamia magongo yao.

"Nauliza, nani kaleta mbuzi? Anaharibu wimbo wangu!"

Nathanaeli, rafiki yake na mpuraji aliyesimama mbele yake kila mwaka, akakohoa. "Baba Yunisi," akasema, "huyo ni wewe."

Kicheko kilichotoka hapo, wanasema, kiliangusha nyungo. Leonidas mwenyewe alicheka mwanzoni, akingoja mtu aseme ni utani. Akamtazama Ignas.

"Hicho chombo chako ni kibovu, kijana."

"Hapana, mzee. Mtu hujisikia kwa ndani, mifupa ya kichwa inamsaidia. Sisi wengine tunakusikia kwa nje. Kila mtu akijisikia mara ya kwanza hushtuka."

"Kwa hiyo huyu ndiye mnayemsikia ninyi?"

"Huyu huyu," akasema Nathanaeli.

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na hamkuniambia?"

Nathanaeli akajikuna kisogo. "Tulidhani unajua."

Neno hilo likamwingia Leonidas kama mwiba mdogo, ule ambao hauumi siku ya kwanza.

Siku ya pili alipofungua mdomo kumsalimia mkewe, akajisikia. Akaufunga. Alipokula, alisikia jinsi anavyotafuna. Alipotembea, akagundua kuwa miguu yake inatupwa nje kama ya bata, na alipojaribu kuinyoosha akajikwaa mbele ya watu. Aliinua mkono kupungia mtu, akauona mkono wake umeinuka, akawa hajui wa kuushusha ni nani. Kabla ya hapo Leonidas alikuwa mmoja. Sasa walikuwa wawili ndani ya shati moja, mmoja akiishi na mmoja akimkagua.

Akawa anakwenda malishoni peke yake, anamtazama Diwani akila. Akamwonea wivu kweli kweli. Diwani alikula majani, na ndani ya Diwani hapakuwa na Diwani wa pili anayemtazama Diwani akila. Akitaka kujamba, alijamba, jambo likaishia hapo. Leonidas akawaza: hivi huyu mnyama tunamfunga nira sisi, lakini aliyefungwa nira ni nani?

Kwenye mkutano wa kijiji, mahali ambapo zamani alisimama kuchangia hata hoja zisizokuwapo, akaketi kimya mpaka mwisho. Paskali akaingiwa na wasiwasi.

"Ndugu Leonidas, huo ukimya wako ni wa kuunga mkono au wa kupinga?"

"Ni wa kunyamaza tu, mwenyekiti."

"Kwenye kumbukumbu za mkutano hatuna sehemu ya hiyo."

Nyumbani kukawa kimya pia. Luciana alizunguka na kazi zake akimtazama kwa upande, kama mtu anayeangalia sufuria ambayo ilizoea kuchemka. 

Kisha Samweli, mwenye shamba karibu na kisima, akaita watu wampurie mtama wake. Leonidas akaenda kuimbisha kwa sababu alikuwa ameitwa, na kukataa kulihitaji maelezo, na maelezo yalihitaji sauti. Akaanza. Neno la kwanza likatoka, naye akalisikiliza linavyotoka. La pili akalipima kabla. La tatu akalishika kooni akiliuliza kama kweli linatosha, na huko kwenye kuuliza wimbo ukakatika. Magongo yakapoteana. La Samweli likashuka wakati ambao la Nathanaeli lilikuwa bado halijainuka, likakifikia kichwa cha Nathanaeli bila kizuizi chochote.

Nundu ya Nathanaeli ilikuwa kubwa kiasi kwamba kofia yake ilikaa juu yake bila kugusa nywele. Alitembea nayo hivyo wiki nzima, kofia ikimtangulia.

Kijiji kikaona hatari. Mtama wa shamba la ujamaa, shamba la watu wote, ulikuwa umekwisha kuvunwa umelazwa uwanjani, mchwa wameanza kuuona. Wakamjaribu Mathayo, mwalimu wa dini. Mathayo alikuwa na sauti safi, lakini aliimba kwa mwendo wa kanisani. Gongo likiinuliwa, mtu angeweza kusinzia kidogo kabla ya kulishusha. Walipura asubuhi nzima wakapata mtama wa chungu kimoja.

"Tutaupura mpaka masika," Samweli akasema.

Hapo Leonidas akaamua. Mbuzi alikuwa ndani ya mkanda. Basi akifutwa kule, labda atatoka na huku. Akafunga viazi vitamu kwenye kitambaa, akashika njia ya Singida mjini.

Alimkuta Ignas kwenye chumba alichopanga mtaa wa Mandewa, anapiga pasi ya mkaa ile suruali yake, kazi iliyohitaji nusu ya siku kwa sababu ya upana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuja unifutie mbuzi."

Ignas akaweka pasi chini taratibu. "Mzee, siwezi kumfuta yeye peke yake. Nyote mko kwenye mkanda mmoja. Nikikufuta wewe, nawafuta wote waliokuwa pale."

"Wote akina nani? Mle si mimi tu?"

"Umesikiliza kweli?"

"Nimesikiliza? Kijana, tangu siku ile sijafanya kazi nyingine."

"Umejisikiliza wewe," Ignas akasema. "Keti, mzee. Mara moja tu. Ukitaka nifute baada ya hapo, nitafuta."

Mkanda ukazunguka. Mbuzi akalia. Leonidas akakaza meno akangoja apite, na alipokuwa anamngoja apite akasikia kitu nyuma yake. Alisikia upepo. Alisikia mtoto analia na mtu anamnyamazisha. Alisikia Nathanaeli akihema kwa pua, kile kihemo chake cha pumu ambacho Leonidas alikuwa amesimama mbele yake miaka yote bila kukifahamu. Ubeti ukafika mwisho. Na pale mwisho, katika upenyo mwembamba kama ufa wa mlango, sauti ya mwanamke ikaanza: "Jiwe la—"

Na mbuzi akapita juu yake.

"Rudisha," Leonidas akasema.

Ignas akarudisha. "Jiwe la—" Mbuzi.

Wakaendelea mbele. Ubeti wa pili ukaisha. "Jiwe la ma—" Mbuzi. Wa tatu ukaisha, na safari hii sauti ilivuta pumzi tu, ikaacha.

Ile pumzi ndiyo iliyomshinda. Alimjua mwenye nayo. Alilala kando yake kila siku.

"Nifute?" Ignas akauliza kwa upole.

"Acha," Leonidas akasema. "Acha kama ilivyo."

Njia ya kurudi ilikuwa na mawe, kama njia zote za Singida. Yako mawe makubwa kama makanisa, yako yaliyobebana mgongoni, yako yaliyosimama kwa ncha kama yamekatazwa kukaa. Mtu akikwambia "jiwe" Singida, bado hajakwambia kitu. Leonidas akatembea akiyapima moja moja. Jiwe la ma... Jiwe la mafiga? Jiwe la malango? Labda jiwe la Matiasi, yule aliyeangukiwa kule bondeni? Alijitahidi sana kutafuta. Akayamaliza mawe yote ya Singida, likabaki moja, na mguu wake ukasita njiani.

Alijua. Alikuwa amejua tangu Mandewa. Akiwa mkweli kabisa, na sasa alikuwa na yule mkaguzi ndani asiyemruhusu kuwa vinginevyo, alikuwa amejua tangu juu ya lori. Alilifunika jiwe lile kwa wimbo, na alipolifunika vizuri akasahau kuwa kuna kitu chini.

Akaketi juu ya mwamba akaona haya peke yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Na hilo nalo likamshangaza. Diwani asingeweza. Diwani angemkanyaga mtu akaenda zake, na kesho angemkanyaga tena vile vile.

Alipofika nyumbani Luciana alikuwa anachambua mboga.

"Umerudi, baba Yunisi."

"Nimerudi. Mama Yunisi..." Akajisikia, akaendelea hivyo hivyo. "Siku ile ya uwele ulikuwa na neno. La jiwe."

Mkono wa Luciana ukasimama kwenye mboga. "Nani kakwambia?"

"Nimekusikia. Kwenye mkanda."

"Ehee." Mkono ukaanza tena. "Basi ulisikia lilipo. Ya mlangoni hayasemwi jikoni."

Alfajiri yake Leonidas akamfunga Diwani nira, akashika njia ya Mawe Matatu kulifuata jiwe. Atalileta, ataliweka mbele ya mkewe, mambo yaishe. Jua likachomoza yuko njiani, na kumbe wimbo ulikuwa umechomoza nao, kichwani, bila kuitwa: Leonidas kaleta jiwe, Leonidas bega la chuma, tazameni mume! Aliwaona watu wakitoka kwenye nyumba zao kushangilia. Alimwona Febronia amefunga mdomo. Alimwona Luciana akishukuru.

Akasimama. Luciana akishukuru. Yaani hata neno lake lenyewe hajalisema, ameshapewa la kushukuru. Angefunikwa kwa mara nyingine, na safari hii kwa jiwe lake mwenyewe.

"Geuka," akamwambia Diwani.

Diwani alimtazama muda mrefu. Katika utumishi wake wote alikuwa hajawahi kuona safari ya bure namna ile. Lakini aligeuka.

Leonidas akapitia kwa mwenyekiti. "Paskali, waite watu. Mtama wa shamba nitauimbisha."

"Umepona?"

"Sijapona. Nitauimbisha hivyo hivyo."

Watu walikuja, wengine na magongo, wengine kuangalia. Nathanaeli alikuja amevaa sufuria kichwani, ameifunga kwa kamba chini ya kidevu.

"Si kwamba sikuamini, ndugu yangu," akasema. "Ni hii nundu ndiyo haikuamini."

Leonidas akasimama mahali pake. Akafungua mdomo, mbuzi akatoka, yule yule, mwembamba, mkavu. Alimsikia mwanzo mpaka mwisho wa kila neno. Alijua watu wanamsikia. Ilikuwa kama kuimba uchi. Lakini magongo yalishika, du, du, du, kwa sababu magongo hayakuwa yameomba uzuri. Yaliomba mtu asisite. Akafika mwisho wa ubeti, na ubeti mwingine ukawa tayari umeshika kofia. Akaufungia ndani. Akanyamaza.

Du. Du. Du. Magongo matupu. Watu wakatazamana. Wengi hawakuwa wamewahi kuona mlango wa Leonidas ukiwa wazi, hawakujua hata kizingiti kiko wapi.

Akaimba tena, akanyamaza tena. Safari hii Nathanaeli akaimba kwa kihemo chake, "Nundu yangu inauliza, je, baba Yunisi, mganga wako ni nani?" Watu wakalipuka. Ubeti mwingine, mlango mwingine, Samweli akatia lake: "Mwenyekiti anapura kwa mdomo, gongo lake halina vumbi!" Paskali, ambaye kweli alikuwa ameliegemea gongo lake, akaingia mstarini haraka bila kununa, kwa sheria. Hata Febronia akaimba: alisema ana jirani asagaye kimya, na kimya hicho kinamfanya yeye aseme ovyo, naye akisema ovyo hulala vibaya. Hakuna aliyecheka hilo.

Luciana hakuimba. Alikuwa ameshika ungo wake, anatazama chini.

Mlango baada ya mlango, Leonidas alimngoja. Kila kimya kilimla. Mdomo wake ulikuwa umejaa, na alijua kuwa akiujaza ule uwazi kwa ubeti mmoja tu mzuri, mbavu zake zingepoa. Akamwangalia Nathanaeli na sufuria yake. Akashikilia. Du. Du. Du. Du.

Ndipo Luciana akainua uso. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Jiwe la mama limebaki Mawe Matatu, mvua inalisaga."

Du. Du.

"Niliimbiwa wimbo, sikuletewa jiwe."

Leonidas akaliinua gongo, akalishusha. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Lilimpata hata hivyo.

"Sasa na wimbo wenyewe umenyamaza, nyumba imepoa kama chungu cha juzi. Baba Yunisi, nipe jiwe langu. Na yule mbuzi naye mrudishe zizini. Mimi nilishamzoea."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, Ilongero wanakiri kuvisikia, na hilo ndilo jambo pekee katika habari hii wanalolikiri. Leonidas alikuwa amejiandaa kwa sehemu ya jiwe. Kwa ile ya mbuzi hakuwa amejiandaa hata kidogo. Macho yakamjaa, akajua kwamba yamejaa, akajua kwamba watu wanaona, na akaimba ubeti uliofuata hivyo hivyo, mbuzi aliyelowa.

Mtama ukapurwa ukaisha, ukapetwa.

Jiwe lilishushwa kutoka Mawe Matatu siku iliyofuata juu ya panda la mti lililokokotwa na Diwani, Leonidas na Nathanaeli wakisukuma nyuma. Lilikuwa limejaa majani makavu na maji machafu katika lile bonde lake, na mjusi mmoja aliyekataa kuhama mpaka nusu ya njia. Leonidas aliimba njiani. Yule mkaguzi alikuwapo, akamsikiliza kila neno. Hakuondoka siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yake, na mara nyingi alimchosha kabisa. Lakini Leonidas alikuwa ameanza kumtumia. Ubeti ukiisha, yule wa ndani ndiye aliyemshika koo na kumwambia: sasa pumzika, kuna watu. Akanyamaza pale kilimani kwa mazoea mapya, na Diwani akalia kwa nguvu ndani ya ule uwazi. Nathanaeli anaapa kuwa alilia kwa mahadhi.

Luciana akaliosha jiwe. Akakitoa kile kijiwe kando ya mafiga, akapiga magoti, akakilaza katika bonde la mama yake. Kikatulia mahali pake.

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, na Leonidas hakuweza kuvumilia.

"Basi nikaliinua," akaanza, "nikaliweka hapa begani, bega moja tu, na mkono huu mwingine nawasalimia—"

Akajisikia. Akakata.

"Mbona umeishia njiani?" Luciana akauliza bila kugeuka, huku akianza kusaga.

"Nimejisikia."

"Na mimi nimekusikia. Ulikuwa umefika begani. Endelea basi, ila Diwani naye mtaje."

Leonidas akaendelea. Alipofika kwa Diwani akameza pumzi, na jiwe likasema lake.